Askofu, Watemi na Barua Niliyoificha

Mimi na askofu wapi na wapi? Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, nimesoma Kurani chuoni kabla ya kuingia skuli, na miaka yote hii ya London kanisani nimeingia mara moja tu, harusi ya Mkenya mmoja mwenzangu wa kazini. Lakini yuko askofu wa Kijerumani, aliyekufa karne nyingi nyuma, ambaye habari zake nazijua kuliko za wajomba zangu wengine. Najua ngome zake zilivyokwenda mikononi mwa watu. Najua alishinda vita akapoteza nchi. Aliyenifundisha ni mzee niliyekuwa nikimwangalia kule Croydon, na haya nayaandika kwa sababu mzee yule nilimkosea, na mpaka leo sijui kosa lile nilirekebishe vipi.

Kazi yangu ni kea, kuwaangalia wazee majumbani kwao. Nilikuwa natoka kwangu Barking asubuhi, treni mbili na tramu, saa tatu niko kwake. Alikuwa profesa wa historia, amestaafu zamani, mkewe amekufa, watoto hakujaaliwa. Moyo wake dhaifu, na macho yalikuwa yamemwishia katikati: akikutazama anayaona masikio yako, uso haoni. Alinieleza hivyo mwenyewe huku akicheka. Katika karatasi ya kazi niliandikiwa nimuogeshe, nimpe dawa, nimpikie. Kusoma hakukuandikwa. Lakini mtu ana vitabu mpaka kwenye ngazi na haoni hata herufi moja, utamwacha hivyo hivyo? Nikaanza kumsomea, kisha nikaanza na kumwandikia, maana alikuwa na kitabu chake alichotaka kukimaliza kabla hajafa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ugomvi wa ardhi. Askofu yule hakuwa wa kusalisha tu. Alikuwa mtawala, ana nchi, ana askari, anatoza kodi. Maaskofu waliomtangulia walikuwa wameziweka ngome zao rehani kwa mabwana wakubwa wa nchi, na mabwana wakakaa humo mpaka wakasahau kwamba ni za watu. Askofu akasema nataka changu. Wakakataa, wakakimbilia kwa watawala wa nchi jirani, wale wakubwa ambao Waingereza wana jina lao, mie nimezoea kuwaita watemi. Na watemi walikuwa wanaimezea mate nchi ile siku nyingi. Vita vikazuka, vijiji vikachomwa, na mwisho wakakutana uwanjani askofu akawapiga, hata mtemi mmoja akatekwa. Ungedhani imekwisha. Kumbe juu yao wote kulikuwa na mfalme mkuu, naye haki akawapa watemi. Askofu akabaki na mji wake na vijiji vya kuhesabu kwa vidole.

Profesa alikuwa mtu wa askofu. Akikusimulia, utadhani kaonewa jana. Mie kwa uchokozi nikajitia upande wa pili.

“Mie niko na watemi,” nilimwambia siku moja nikimpaka mafuta miguuni. “Mtu wa dini akitaka nchi, kwetu tunamuogopa.”

“Ungekutana na rafiki yangu,” akasema. “Mngeelewana sana, na mngekosea pamoja.”

Rafiki huyo alikuwa Mjerumani, mwanahistoria kama yeye, mzee kama yeye, akikaa huko huko kulikopiganwa. Alikuwa mtu wa watemi. Miaka arobaini waliandikiana barua, kwa mkono, kwa Kiingereza, wakigombana juu ya askofu na watemi kama watu wanavyogombana juu ya mpira. Simu hawakuitaka, na kompyuta waliiona kitu cha wavivu. Kila wiki mbili ilikuja bahasha ya karatasi nene, na mimi ndiye niliyeisoma. Ilianza, “Kwa mheshimiwa askofu wa Croydon.” Profesa akaniandikisha jibu, “Kwa mtemi mnyang'anyi.” Siku ya barua hakulalamika kuhusu miguu, wala kuhusu uji wangu.

Mwaka huo ugomvi wao ulikuwa umebaki kwenye kijiji kimoja, kidogo, chenye kinu cha maji. Baada ya vita, watu wa kijiji kile nafaka yao waliipeleka kwa nani? Profesa alishika kwamba ni kwa askofu. Rafiki alishika kwamba ni kwa mtemi. Ushahidi, kama upo, ulikuwa katika daftari la padri wa wakati ule, limehifadhiwa kwenye jumba la nyaraka la mji wa rafiki. Akaandika kwamba baridi ikipungua atakwenda kulitazama mwenyewe, na lolote atakalolikuta atalisema, hata likimuumbua. Sura ya mwisho ya kitabu ikawa inamngoja yeye. Profesa hakuwa na wasiwasi. Aliniambia rafiki yake hajapata kumdanganya hata siku moja.

Mwezi wa pili Profesa akalazwa. Alirudi nyumbani hana nguvu ya kushika kikombe, na daktari akatuambia asishtuliwe. Siku ya tatu tangu arudi, niliokota barua mlangoni, na moja ilikuwa na ukingo mweusi kuzunguka bahasha, stempu ya Ujerumani. Nikahisi ni msiba. Nikaifungulia jikoni. Aliyeandika ni mke wa yule rafiki, kwa Kiingereza cha taratibu: mume wangu amefariki usingizini, tumeshamzika, nimeona wewe uwe miongoni mwa wa kwanza kujua.

“Kuna barua?” Profesa aliuliza kutoka kitandani.

“Matangazo tu,” nikasema. “Ya piza.”

Nataka nieleze hapa nilichokuwa nacho kichwani, na mtu akiniona najitetea, sawa. Kwetu mgonjwa habebeshwi msiba. Mtu akiwa taabani haambiwi nani kafa. Anangojewa apate nafuu, ale, akae sawa, kisha anakuja mtu wake, mkubwa, anazungumza naye haya na yale, ndipo anamwambia. Mama yangu alipofariki Unguja mimi nilikuwa nimelazwa hapa, nimepasuliwa, na siku tano nzima ndugu zangu walinipigia simu wakinambia mama amelala, mama anaswali, mama anakusalimu. Nilipokuja kuambiwa nililia na nikakasirika sana. Lakini nikasema walifanya kama walivyolelewa. Na mimi nikafanya kama nilivyolelewa.

Nikajipa wiki moja. Apate nguvu kwanza, kisha nimtafute mtu wake aje amwambie. Hapo ndipo nilipokwama. Mtu wake nani? Nilipekua daftari lake la simu, nusu ya majina amepiga mstari, wameshakufa. Nikampata mpwa wake mmoja wa kike, yuko Kanada, huleta kadi ya Krismasi. Nikampigia. Akasema maskini, kisha akaniuliza rafiki gani huyo. Mtu pekee aliyekuwa karibu na Profesa kiasi cha kumpa habari kama ile ndiye aliyekufa. Nilikaa jikoni na lile daftari mapajani, sijui nifanye nini, mpaka uji ukaungua.

Jioni nilimhadithia binti yangu. Huyu amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Akaacha kula.

“Mama, hiyo barua si yako,” akasema.

“Nyamaza, hujui mambo.”

“Imeandikwa jina lake, Mama.”

Nikamwambia ale wali wake.

Wiki ikawa mbili, mbili zikawa sita. Nafuu aliipata, lakini kila nilipojiandaa kusema, ulimi ulizidi kuwa mzito, maana sasa haikuwa habari ya kifo peke yake, ilikuwa na uongo wangu juu yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mie yangu niliiona ndefu, wallahi.

Kila asubuhi aliniuliza imekuja, na kila asubuhi nikamwambia bado. Mwanzo alimtetea rafiki yake, akasema huko baridi haijakwisha. Kisha akasema labda amefiwa na mtu. Siku moja nikajikaza.

“Labda anaumwa sana, Profesa. Watu wazima nyinyi.”

Akakunja uso. “Angekuwa anaumwa, mkewe angeniandikia. Yule mama hawezi kuniacha hivi.”

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Mwezi wa nne hasira zikamjaa. Aliacha kula vizuri. Nikimsomea sura za kitabu, ananikatiza katikati. “Amekwenda kulitazama daftari,” akasema. “Amekuta kijiji ni cha askofu, na hawezi kuyatamka maneno hayo. Miaka arobaini, na hawezi.” Asubuhi moja akaniambia nichukue kalamu. Nikamwambia Profesa, usiandike na hasira, ngoja kesho. Akasema kesho zake zimekwisha.

Akaniandikisha: “Kunyamaza kwako kumenijibu. Nilikudhani mtu mkweli mwenye rai mbaya, kumbe ni mwoga mwenye rai mbaya. Usiniandikie tena.” Kisha akaniambia nifungue ukurasa wa shukrani wa kitabu, nilikate jina la rafiki. Lilikuwa la kwanza. Nikalikata.

Nilijisemea barua hii naichana kwenye tramu, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mzee akaomba koti lake. Alikuwa hajatoka nje tangu hospitali. Akanishika mkono, tukaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye sanduku la posta la pembeni ya barabara, akalipapasa mdomo kwa vidole, akaitumbukiza barua mwenyewe. Nilisimama pale, mabasi yanapita, mkono wake umo mkononi mwangu, na neno moja lingetosha. Niliogopa ataanguka pale pale. Na nilijiogopea mimi mwenyewe pia, hapa nisiseme uongo tena. Akasema turudi, anasikia baridi.

Siku kumi na kitu baadaye alikuwa amekaa karibu na mlango, nguvu zimemrudia kidogo. Barua ikaanguka, akaiwahi kabla yangu. Akaipapasa.

“Karatasi yake,” akasema, na uso wote ukamfunguka. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. “Nilijua nikimtukana atajibu. Soma.”

Ningeweza kutunga. Lilinipitia kichwani, sitaficha. Lakini nilikuwa nimechoka, sikuwa na akili ya kutunga kitu. Nikasoma kilichoandikwa.

Alikuwa yule mama, mjane. “Nimepokea barua uliyomwandikia mume wangu. Nilikuandikia mwezi wa pili kwamba amefariki. Sijui kama barua ile ilipotea au hukutaka kuijibu. Yako nimeisoma mpaka mwisho kwa kuwa ilikuwa yake, kisha nikaiweka juu ya meza yake. Siku tatu kabla hajafa alikwenda kwenye nyaraka, hakungoja baridi ipungue. Alirudi nyumbani anacheka. Alikuandikia ukurasa huu, hakuwahi kuupeleka posta. Nimeona nikuletee.”

Profesa akanigeukia.

“Mwezi wa pili,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na wewe ndiye unayenisomea barua.”

“Ndiyo, Profesa.”

Nikakaa sakafuni mbele ya kiti chake, nikamweleza yote: hospitali, daktari, tulivyolelewa sisi, mama yangu, daftari la simu. Nililia mpaka kamasi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Uliniona mtoto,” akasema.

“Nilikuona mgonjwa.”

“Na mke wake je? Naye alikuwa mgonjwa?”

Miezi yote ile, yule mama sikumfikiria hata mara moja. Yeye kafiwa na mume, kaandika barua ya msiba kwa mkono wake, na jibu alilopata ni matusi niliyoyaandika mimi. Nilijihisi mchafu.

Kulikuwa na ule ukurasa wa pili. Nikajifuta uso, nikamwambia huu ni mkono wa rafiki yako mwenyewe, acha nikusomee. Akapunga mkono nisome.

“Kwa mheshimiwa askofu wa Croydon,” nikasoma. “Nimeliona daftari. Padri ameandika wazi kabisa. Mwaka ule na mwaka uliofuata, nafaka ilikwenda kwa askofu. Kijiji ni chako, na kinu chake, na bata wake. Miaka arobaini nimetaka kukushinda, na leo kwenye treni nimecheka peke yangu kama mwehu kwa kuwa nimeshindwa. Niandikie haraka unicheke.”

Nikangoja. Nilidhani atalia. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba maneno yale yatanipunguzia na mimi lawama.

“Umeitunga vizuri,” akasema.

Sikumfahamu mara moja.

“Umesoma barua zake nyingi. Ndivyo khasa angesema.”

“Profesa, wallahi ni mkono wake. Sikuongeza hata nukta.”

“Alirudi nyumbani anacheka,” akasema. “Mkewe kasema. Mtu hucheka akishinda. Amekuta kijiji ni cha mtemi, na wewe umenigeuzia, kwa sababu unaniona mgonjwa.”

Nikampa ukurasa mkononi. Akaupapasa juu na chini, lakini wino wa kalamu vidole havisomi. Akanirudishia. Ile habari mbaya aliiamini papo hapo, kwa kuwa nani angetunga kitu kama kile. Hii nzuri ndiyo aliyoikataa, na niliona kabisa kwamba ana haki ya kuikataa.

Sikukubali kushindwa. Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilimchukua binti yangu tukaenda Croydon. Akausoma ukurasa ule kwa Kiingereza chake cha hapa, sauti safi, bila haraka. Profesa alimsikiliza, akamuuliza wewe ni nani. Akamwambia yeye ni binti yangu. Profesa akamshukuru, akasema anasoma vizuri sana, akamkaribisha biskuti. Basi. Njiani kurudi binti yangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningependa angenilaumu.

Nikamwambia nimwite jirani. Nikamwambia aje muuguzi, aje mtu wa chuo kikuu chake cha zamani, mtu yeyote asiyenijua. Akatikisa kichwa. “Akinisomea kwamba ni cha askofu, nitasema wewe umemtangulia mlangoni. Akinisomea kwamba ni cha mtemi, nitajua hata pole uliyonipa ni ya uongo. Nimesomewa vya kutosha.” Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kushika.

Hakunifukuza. Nilimwambia kama anataka, ofisi ilete mtu mwingine, akasema hana nguvu ya kuzoea mkono mwingine wa kumuogesha. Kwa mjane aliniandikisha barua ya kuomba radhi, fupi, akaitia sahihi kwa kupapasa. Jina la rafiki akanirudishisha kwenye ukurasa wa shukrani, mahali pake pa kwanza, na akataka niongeze neno marehemu.

Kisha akasema tumalize sura ya mwisho. Nikavuta kiti. Ukurasa wa rafiki yake ulikuwa mezani baina yetu, umefunguliwa. Akaniandikisha taratibu: “Kuhusu kijiji chenye kinu, wanazuoni wawili walitofautiana, na ushahidi haukupatikana.”

“Profesa,” nikasema, “umepatikana. Huu hapa.”

Akangoja ninyamaze. Nikaandika. Akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea, neno kwa neno, kama alivyosema yeye.

“Hivyo ndivyo ulivyoandika?” akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Akaniuliza tena.